Mwenye Nyumba Aliyengoja Senene

Mwenye nyumba wangu wa Keroka hakuwa mtu wa kupendwa siku ya kwanza. Nilipohamia kwake, mtoto mgongoni na cherehani juu ya mkokoteni, alisimama mlangoni akavikagua vyombo vyangu kimoja kimoja, kisha akauliza swali moja tu. "Hii mashine yako inapiga kelele Ijumaa?" Nikamjibu kwamba mashine haijui Ijumaa wala Jumatatu, hupiga kelele nikiikanyaga. Hakucheka. "Basi utaifundisha," akasema, akanipa ufunguo.

Nilikaa kwake miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, kwa hiyo najiona nina haki ya kumsema. Wapangaji wengine walimwita Magokoro, yaani nyanya kwa Kikisii. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Mama Zuhura mbele ya watu, na tukiwa wawili aliniita "mtu ya mjini", kwa sababu sisi ni Waislamu wa Keroka, watu wa maduka na vitambaa, na kwake mtu asiye na shamba alikuwa mgeni tu hata kama kitovu chake kimezikwa hapo hapo.

Vyumba vyake vilikuwa pembeni mwa mji, mahali ambapo malori ya Kericho hubadilisha gia yakianza kupanda. Mbele ilikuwa kelele tupu. Ukizunguka nyuma ya jikoni yake ulikuta dunia nyingine. Shamba lilishuka kama mashamba yote ya huku, jembamba na refu: kwanza migomba, halafu majani chai, halafu napia, majani marefu ya kulishia ng'ombe, na chini kabisa bonde la majimaji lenye nyasi za kufika kiunoni, ambalo halikuwahi kulimwa. Humo ndimo walimokaa senene.

Asiyewajua ataona ni panzi wa kijani tu, mwenye vipapasio virefu kuliko mwili. Pale kwetu mchana walinyamaza. Giza likianza kuingia, dume husugua mabawa yake akatoa mlio mmoja mrefu, mkavu, mwembamba, usiopumua. Mmoja akianza, wa pili humjibu, na kabla hujafunga dirisha bonde zima linaita. Mwenye nyumba wangu alikuwa Msabato, na Sabato huanza Ijumaa jua linapozama. Shida ni kwamba pale kwake jua halikuonekana likizama. Kilima cha upande wa magharibi kililimeza mapema, na miezi ya mvua wingu lilitukalia tangu saa nane mchana. Alipoolewa hapo, mama mkwe wake alimwonyesha njia. Fanya kazi mpaka senene waite. Wakiita, weka chini ulicho nacho mkononi.

Naye alilishika neno hilo kama lilivyosemwa. Nimeona jembe lake likilala Jumamosi nzima kwenye mtaro, limekita palepale lilipokuwa. Nimeona nguo zikichacha kwenye beseni. Ijumaa moja alikuwa ananyonyoa kuku, amefika nusu, senene wakaanza. Akainuka, akaninyooshea yule kuku mwenye manyoya upande mmoja. "Mama Zuhura, Ijumaa yako iliisha saa saba. Maliza huyu." Nikakaa kumnyonyoa kuku ambaye hata nisingeweza kumla, maana hakuchinjwa na mtu wetu, na yeye akaingia ndani kuimba.

Mchungaji wao alipopata habari alikuja kumwonya. Alimweleza kwa upole kwamba saa inayotakiwa ni ya jua, si ya mdudu, na kwamba senene huanza jua likiwa limeshazama kitambo, kwa hiyo miaka yote hiyo amekuwa akiingia Sabato amechelewa. Mama alimkaribisha uji, akamsikiliza mpaka mwisho, na alipoondoka hakumtaja tena kwa jina kwa muda mrefu. Alimwita "yule wa saa". Lakini neno lilimchoma. Tangu hapo alimaliza kazi zote mapema, akaoga, akavaa kitambaa cheupe kichwani, akaketi kwenye kigoda nyuma ya jikoni akilitazama bonde, mikono mapajani. Hakufanya kazi wala hakuomba. Alingoja waite.

Saa hiyo ndiyo niliyomjulia. Haikuwa ya dunia wala ya Mungu, na mtu aliyekuwa mkavu wiki nzima alilainika ndani yake. Nilikuwa nazima mashine, kama nilivyofundishwa, nakwenda kukaa naye. Alizungumza lolote. Nani anamroga nani, mke wa nani anapika obokima, ugali wetu wa huku, mbichi, kwa nini wanaume wa Gesima wana miguu mifupi. Umbeya aliokuwa akiupinga kanisani aliumwaga wote pale, haraka haraka, kwa sababu alijua una mwisho. Senene wakianza alinyamaza katikati ya neno. Kuna habari za watu wa Keroka nilizosikia nusu, na nusu nyingine sikuipata mpaka leo.

Mashine yangu ilimponza mara moja. Nilikuwa nimenunua mota, nikaacha kukanyaga, na siku hiyo nilikuwa na sare za shule za kumaliza kabla ya kufungua muhula. Mvua kubwa, giza kama la jioni, nami nikashona chumbani nimefunga mlango. Nilipotoka kumwaga maji nikamsikia anaimba wimbo wa kufungua Sabato. Nikatazama saa, ilikuwa saa kumi na nusu. Maziwa yalikuwa hayajachemshwa, ng'ombe hajakatiwa majani, kuni ziko nje zinalowa. Nikamwambia kupitia dirishani, "Mama, hao si senene. Ni mota yangu." Akasema Sabato ikishafunguliwa haifungwi kama duka, na kama Nyasae, Mungu wake, ana neno atamwuliza fundi wa mota. Ng'ombe nilimkatia mimi.

Lakini nami aliniokoa. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nafuturu kwa adhana ya redio, na redio ilikuwa ya Nairobi. Siku ya kwanza tu aliniona nikinyanyua tende, akanishika mkono. "Unakula nini na wao hawajaita?" Nikamwambia wameadhini. "Wapi?" Nairobi. "Na tumbo yako iko Nairobi?" Nikamkasirikia, nikaila tende. Baadaye nilimwuliza sheikh wetu, naye akacheka mpaka akakohoa: jua la Nairobi huzama kabla ya letu, na yule mama yuko sahihi, hiyo siku nilipe. Kuanzia hapo, Ramadhani yote, jioni hata zisizo za Ijumaa, nilikuwa nasikia sauti yake kutoka nyuma ya jikoni. "Mama Zuhura, kula sasa." Sijui kama kuna Mwislamu mwingine Kenya hii aliyefuturishwa na Msabato kwa idhini ya senene.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na hakuona haya nayo. Chai, kwa mfano. Dini yake ilimkataza majani, akanywa maziwa matupu na uji maisha yake yote, lakini mistari ya chai ilikuwa ndiyo tegemeo lake, na alichuma kwa vidole vya haraka kuliko wasichana. Nilimwuliza inakuwaje kumchumia mwenzako dhambi. "Mimi nachuma majani," akasema. "Nani amesema nachuma chai? Chai inakuwa chai kwa kiwanda." Alihubiri uvumilivu na alikuwa na hasira ya karibu. Alisema mtoto asiyechapwa ni hasara, na wanawe hakuwahi kuwainulia hata fimbo ya mgomba.

Wanawe walikuwa wawili. Mdogo alikwenda Nairobi akawa wa kupiga simu tu. Mkubwa alifanya kazi ofisini Nyamira mjini, akirudi jioni na viatu vyeusi vilivyong'aa, akipita kwenye matope kwa ncha za vidole. Mama yake alimwangalia akipita hivyo na uso wake ukafunguka. Sijawahi kuona mtu akimpenda mtoto kwa namna ile. Kijana alipokohoa usiku, asubuhi ilikuwa habari ya kwanza. Alipooa, yule mkaza mwana, binti mpole wa Gesima, alipokelewa kama aliyeshuka na malaika, kwa sababu tu alikubali kumpikia kijana.

Kuhusu senene hakuwa mtu wa kulia-lia. Aliwajua kama mtu anavyowajua majirani. Alijua kuwa wanaoita ni madume na kwamba majike husikiliza na kuchagua. Mpangaji mmoja, nesi aliyetoka upande wa Uganda, alikuwa na mchumba aliyekuja kila Jumapili akakaa kitandani akibonyeza simu bila kusema neno. Mwenye nyumba alimwita yule nesi pembeni. "Huyu mwanamume yako amewahi kukuita jina?" Nesi akasema ni mtu wa kimya. "Hata mdudu ya bonde inaimba kwanza," akasema. "Mwanamume asiyeita hana haja na wewe." Mchumba alikoma kuja kabla ya mvua za vuli, na nesi hakulia.

Nesi huyo huyo, mwezi ambao senene walizidi wakawa wanajigonga kwenye taa ya nje, aliwaokota kwenye sufuria, akawang'oa mabawa, akawakaanga na vitunguu. Harufu ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Mwenye nyumba alitoka akasimama mbele ya sufuria. Nesi, aliyekuwa mjanja, akamwambia hata Biblia inawaruhusu. "Inaruhusu, naijua," akajibu. "Lakini mtu akikuita kwa nyumba ya Mungu, wewe unamkaanga?" Tukacheka wote, hata yeye. Nesi akala. Lakini hakuwaokota tena.

Sasa nifike kwenye bonde, ingawa sina hamu ya kufika.

Wasabato wana makambi yao mwezi wa nane. Watu hutoka makanisa mengi, wakakusanyika mahali pamoja wiki nzima, wakisikiliza mahubiri na kuimba. Hakukosa hata mwaka mmoja. Alikuwa akiondoka na blanketi, sahani yake na kigoda chake, na ua lote lilipumua. Mwaka ule aliondoka kama kawaida. Siku ya pili yake nikaona vijana wenye majembe wakipita nyuma ya jikoni, na yule mwanawe mkubwa mbele yao amevaa gambuti. Walifyeka nyasi zote za bonde, wakazichoma, wakachimba mifereji ya kutoa maji, na mwishoni mwa wiki miche ya blugamu, ile mikaratusi, ilikuwa imesimama mistari mistari kama wanafunzi.

Nilimwambia kijana angoje mama yake arudi. Sikumung'unya maneno. Nilimwambia lile bonde lina kazi. Akanijibu kwa adabu, kwa maana alilelewa vizuri. "Mama Zuhura, kazi gani? Blugamu inauzwa nguzo, inauzwa kuni za kuchoma matofali. Nyasi inauzwa nini? Na wewe, samahani, ni mpangaji." Hapo alikuwa na haki. Mimi nilikuwa mpangaji.

Mama aliporudi hakuingia ndani. Aliteremka moja kwa moja na mzigo kichwani mpaka chini, akasimama pale penye majivu. Nilimwona kutoka juu. Alisimama muda, akapanda, akaweka mzigo, akamkuta mwanawe ameketi mezani. Nilingoja kelele, na kelele haikuja. Nikasikia kijana akieleza habari ya karo ya watoto watakaozaliwa, habari ya nguzo, habari ya jirani aliyetajirika. Halafu nikamsikia yeye akisema, "Umekula?"

Ijumaa ya wiki ile aliketi kwenye kigoda chake kama kawaida. Waliita. Walibaki kandokando, kwenye utepe wa nyasi ambao majembe hayakuufikia, na kwenye napia. Alinitazama kama mtu aliyepona ajali. Nami nikadhani mambo yamekwisha.

Mti wa blugamu hunywa maji kama hayana mwenyewe. Kadiri miti ilivyorefuka bonde lilikauka, na chini ya kivuli chake nyasi hazikuota tena, ziliota taka za majani yake tu. Ule utepe wa kando ukapigwa dawa ya magugu ili miche ya duru ya pili ishike. Kila msimu wa mvua tulingoja warudi, na kila msimu walirudi wachache. Ule mlio uliokuwa unafunika bonde ukawa na matundu. Baadaye ungeweza kusema huyu yuko hapa, yule yuko pale. Mwisho akabaki mmoja, karibu na mfereji, upande wa kushoto.

Yule mmoja tulimsikiliza pamoja Ijumaa nyingi. Alianza kwa wakati, hakuchelewa. Aliita bila kupumzika, hakuna aliyemjibu, akaendelea. Jioni moja mwenye nyumba, badala ya kuinuka kwenda kuomba, alibaki amekaa. "Ana kazi huyu," akasema. "Anaita na hakuna wa kuja." Ijumaa fulani, baada ya hapo, hatukumsikia naye. Tulikaa mpaka giza likajaa, na malori ya Kericho yakibadilisha gia.

Mbaya zaidi ilikuwa wiki zilizofuata. Mwanamke aliyekuwa akijua saa yake ya kupumzika alikosa pa kuishika. Alikaa kwenye kigoda mpaka baridi ikamwingia, akiogopa kufungua mapema, akiogopa kufungua akiwa amechelewa. Nilimwambia atumie simu ya mwanawe. Akasema simu haikuwa imemwita yeye, imeita kila mtu. Ndipo jioni moja kijana mkubwa alipotoka nje akamkuta bado amekaa. Alimwuliza anangoja nini. "Hawaiti," mama akasema. Kijana akasimama, akageuza kichwa upande wa miti, akasikiliza, au akafanya kama anayesikiliza. "Wanaita, Mama," akasema. "Wanaita sana. Masikio yako ndiyo imezeeka."

Mimi nilikuwapo. Nikasema, "Lakini hata mimi sisikii." Kijana akacheka, si kwa ubaya. "Wewe Mama Zuhura na hiyo mota yako, masikio bado yako?" Na hapo akanikata maneno, kwa sababu nilikuwa nimejiuliza hilo hilo. Mtu anayeshona tangu usichana, kichwa juu ya mashine, anajuaje alichopoteza? Mwenye nyumba alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akashusha macho.

Kijana alimnunulia kifaa cha masikio Kisii mjini, kidogo, cha rangi ya ngozi. Nilipouliza daktari alisema nini, akaniambia daktari wa nini, uzee unajulikana. Mama alikivaa Ijumaa. Alisema kinamletea malori yote ya barabarani mpaka ndani ya kichwa, lakini senene hakimletei. Kijana akaeleza kuwa kifaa hicho ni cha sauti za watu. Tangu hapo mkaza mwana ndiye aliyekuwa akitoka mlangoni kila Ijumaa, ameficha nyuma ya kanga simu aliyotazamia saa, akasema kwa sauti ya kutosha, "Mama, wameanza." Naye aliinuka. Yule binti alikuwa akirudi jikoni anafuta macho, anasema ni moshi.

Nilihama kwa sababu Zuhura alipata kazi Nyamarambe, akataka niwe karibu. Nilikodi chumba cha kushonea pale sokoni. Jioni ya kwanza nilikuwa napanga vitambaa, mlango uko wazi, na ng'ambo ya barabara kuna uwanja wa nyasi usiolimwa kwa sababu ndugu wanaugombania. Giza likaingia. Na mlio ukaanza. Mmoja, halafu mwingine, halafu wote. Niliwasikia wazi kabisa, pamoja na miaka yote ya mota yangu. Nikaketi juu ya robota la kitambaa nikalia, nusu kwa furaha na nusu kwa hasira, maana nilielewa kwamba masikio yangu yalikuwa mazima muda wote ule, na kama yangu ni mazima, basi pale Keroka hakukuwa na wa kusikika.

Nilijiapia nikamwambie. Niliona ni haki yake. Mtu akinyang'anywa kitu, angalau asiambiwe kwamba bado anacho ila tu ni kipofu. Kazi za muhula zikanishika, halafu mvua, na nilipopata nafasi nilichagua Ijumaa makusudi, nikafika kwake alasiri na kilo ya sukari na kitambaa kipya cheupe.

Miti ilikuwa imeshakatwa mara moja na kuchipuka tena, kila kisiki na mashina matatu. Hivyo ndivyo blugamu ilivyo. Ukiikata inakushukuru. Bonde halitarudi, na hata mtoto anaweza kuona hivyo. Yeye alikuwa amepungua, mwili umeingia ndani ya nguo, lakini alikuwa ameshaoga, amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Alinikaribisha kwa jina langu la mtu ya mjini. Kifaa cha sikio hakikuwepo sikioni. Tukazungumza. Alinipa habari za nani ameoana na nani, na nilimjibu kwa sauti ya kawaida, na alisikia kila neno. Hilo nililigundua baadaye kidogo. Sikuwa nimepaza sauti hata mara moja.

Mwanga ulipoanza kupungua nikamwambia. Nilisema, "Mama, Nyamarambe wako. Nawasikia kila jioni. Masikio yangu hayana shida." Nilitaka kuendelea, kumwambia na yake pia. Aliweka mkono juu ya goti langu.

"Najua," akasema.

Nikamwuliza anajua nini.

"Nasikia wewe. Nasikia huyu msichana jikoni akipumua. Jirani akikohoa ng'ambo, nasikia. Yule wa mwisho nilimsikia akinyamaza, si tulikuwa wote?"

Nikauliza kwa nini basi anakubali kuitwa kiziwi. Nilikuwa na hasira, sauti ikanitoka vibaya. Yeye hakuwa na hasira yoyote. Alieleza polepole, kama anayemweleza mtu ambaye hajazaa.

"Kama mimi ni kiziwi, hiyo ni uzee. Uzee si kosa ya mtu. Lakini kama masikio yangu ni mzima, basi mtoto wangu alingoja niende kwa kambi ya Mungu, akachimba bonde, halafu akasimama hapa mbele yangu akadanganya. Mimi nipeleke hiyo maneno kwa Nyasae? Niombe nayo kila Sabato? Afadhali nikuwe kiziwi."

Mkaza mwana alitokea mlangoni, akanisalimu, akasita kwa kuniona, kisha akasema maneno yake bila kututazama. "Mama, wameanza." Chini, kwenye blugamu, palikuwa kimya kabisa. Mwenye nyumba wangu akasema asante, akaanza kuinuka, nami nikamshika kiwiko.

Kijana mkubwa alikuwa anarudi kazini. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe tangu alipoingia getini, na Mama alivisikia kabla yangu, nikaona uso wake ukifunguka kama zamani. Alipotufikia, kijana aliniamkia, kisha akainama mpaka kwenye sikio la mama yake, akapaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Mama, wameita. Umewasikia leo?"

Mama alikunja kiganja nyuma ya sikio, akainamisha kichwa kumwelekea.

"Unasema nini, mwanangu?"

Naye akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.